Akriliki yangu ilishikana nyuma ya msumeno, kisha ikaota nyufa usiku: nimekosea wapi?

«Nina bamba la akriliki angavu la milimita 3. Nataka kutengeneza kasha la kufunikia saa ya mezani niliyoachiwa na bibi yangu, isiingie vumbi. Nilikata kwa jigso ya umeme. Nilipofika mwisho wa mstari nikakuta nyuma ya msumeno plastiki imeshikana tena, kana kwamba sikukata kitu. Nilipotoboa tundu la kitasa kwa keekee, pembe ikapasuka biti ilipokuwa inatokea upande wa pili. Sikukata tamaa. Nililainisha kingo kwa moto wa kichomeo kidogo cha gesi hadi zikang'aa, kisha nikafuta kipande chote kwa spiriti ili kiwe safi. Asubuhi yake kingo zote zilikuwa na nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Jirani anasema nimeuziwa plastiki mbovu. Fundi mmoja ananishauri nipashe bamba moto kwenye oveni ya jikoni kabla ya kukata, na nikunje pembe hapo hapo. Naomba mwongozo.»

Ndugu yangu, pole kwa bamba lako, na pole zaidi kwa asubuhi ile. Kuona kazi iliyong'aa jana imetanda nyufa leo, bila kuguswa na mtu, kunaumiza. Nimeyaona hayo kwa macho yangu kwenye kisanduku nilichokifanyia kazi siku mbili, kwa hiyo naelewa. Lakini sidhani kama umeuziwa kitu kibovu. Kushikana nyuma ya msumeno na nyufa za usiku chanzo chake ni kimoja, nacho ni joto lililokosa pa kwenda. Tundu lililopasuka lina sababu yake, nitaifikia. Ukilielewa hili la joto, shauri la kila hatua nyingine utaweza kulipima mwenyewe.

Watu wengi huishika akriliki wakiwa na picha ya kioo au ya mbao kichwani. Inang'aa kama kioo, inakatika kwa msumeno kama mbao, basi tunaamini itatii kama vitu hivyo. Haitii. Akriliki ni minyororo mirefu mno ya molekuli iliyotatizana. Ikiwa baridi, minyororo hiyo imekaza, na bamba ni gumu na jepesi kuvunjika. Ikikaribia nyuzi 105 za Selsiasi, minyororo huanza kuteleza, nalo bamba hulegea kama mpira. Joto hilo si kubwa: ni nyuzi chache tu juu ya maji yanayochemka. Meno ya jigso inayokwenda kasi hulifikia kwa sekunde chache.

Zaidi ya hapo, akriliki haipitishi joto vizuri. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko yenyewe. Ukikata alumini, joto la msuguano husambaa kwenye bamba zima na kupotea. Ukikata akriliki, joto hubaki pale pale kwenye njia ya meno. Unga wa plastiki unalainika, unashikamana na msumeno, msumeno unazidi kusugua, na joto linazidi kupanda. Nyuma yake ule uji unapoa na kuganda. Ndiyo maana ulikata mstari mzima ukakuta hukukata kitu.

Sasa nyufa, maana hapa ndipo watu wengi hukosea kumtambua mhalifu. Spiriti haikuzileta nyufa hizo, iliziamsha tu. Ulipopitisha moto ukingoni, ngozi nyembamba ya plastiki ilitaka kutanuka, lakini mwili wa bamba ulikuwa baridi na haukuiruhusu. Ngozi ikalainika na kujibana mahali ilipo. Ilipopoa ikataka kusinyaa, na bamba likaizuia tena. Ikabaki imevutika kama kamba ya ngoma, huku juu ikionekana laini na nzuri. Mkazo huo unaweza kukaa kimya kwa miezi. Spiriti, thina, petroli, asetoni na hata baadhi ya dawa za kusafishia vioo zenye amonia huingia kati ya minyororo na kuilegeza. Palipovutika pakiguswa, hupasuka. Jigso yako nayo ilikuwa imeshaacha mkazo wake kabla hata hujawasha moto, kwa hiyo ukingo ulibeba mizigo miwili.

Kuhusu jirani yako, ana chembe ya ukweli. Akriliki zipo za aina mbili kuu. Moja humiminwa ikiwa kimiminika kati ya vioo viwili na kugandia humo. Nyingine husukumwa na mashine ikiwa imeyeyuka, mfano wa tambi zinavyotoka kwenye kinu. Ya kumiminwa ina minyororo mirefu zaidi, huvumilia joto na kemikali vizuri zaidi, na msumeno huitolea vumbi na vipande vikavu. Ya kusukumwa ni rahisi kidogo kwa bei, unene wake ni sawa kila mahali, lakini hulainika mapema na kunata kwenye meno. Kwa maelezo yako nahisi yako ni ya kusukumwa. Si mbovu. Inahitaji tu subira zaidi. Karatasi au nailoni iliyobandikwa juu si dalili ya kuaminika ya kukuonyesha ipi ni ipi, muulize muuzaji.

Hakikisha pia kwamba ni akriliki kweli. Chukua mkanda mwembamba uliobaki, vaa miwani ya kinga, uukunje polepole kwa koleo. Akriliki itakatika ghafla kwa sauti kali. Ikiwa inajikunja bila kuvunjika, huenda unashika polikaboneti, plastiki nyingine inayofanana nayo kwa macho, na hiyo ina taratibu zake. Njia ya kukwaruza na kuvunja nitakayokueleza haifanyi kazi kwake.

Ushauri wa kupasha bamba kabla ya kukata uache kabisa. Tatizo lako lilikuwa joto kuzidi, na fundi anakuongezea joto. Bamba la vuguvugu hunata zaidi kwenye msumeno na halivunjiki kwa mstari safi. Akriliki hukatwa ikiwa baridi. Kukunja ndiko kunakotaka moto, na hizo ni kazi mbili tofauti.

Kwa milimita 3 na mistari iliyonyooka, usiguse hata jigso. Kwaruza na uvunje. Tafuta kisu cha kukwaruzia plastiki, kile chenye ncha iliyopinda kama ukucha. Kisu cha kawaida cha kukata karatasi kinasukuma plastiki pembeni na kufanya matuta, ilhali ukucha huu unachimba na kutoa uzi mwembamba wa plastiki kwenye mfereji. Bana rula ya chuma kwa klampu, usiitegemee mikono. Acha nailoni ya juu mahali pake, hukinga michubuko. Mpito wa kwanza uwe mwepesi sana, kazi yake ni kuchora njia tu. Kisha rudia, ukivuta kuelekea kwako kwa nguvu ileile, kutoka ukingo hadi ukingo. Usiishie katikati, maana mstari usiofika mwisho ndio unaopotosha mpasuko. Mara saba, nane au kumi hutosha kwa kawaida. Unataka mfereji ufike angalau theluthi moja ya unene.

Kisha laza bamba mezani, mfereji ukiwa juu na ukilingana kabisa na ukingo wa meza. Weka ubao juu ya sehemu inayobaki, ubane. Sehemu inayoning'inia ibonyeze chini kwa viganja viwili, kwa pigo moja la haraka, bila kusitasita. Ukibonyeza kidogo kidogo unaupa mpasuko nafasi ya kuchagua njia yake. Itakatika kwa sauti ya mlio mkavu, na ukingo utakuwa umenyooka kuliko jigso yoyote. Sehemu unayoivunja isiwe nyembamba kuliko milimita 40 hivi, la sivyo haina mkono wa kutosha wa kukusaidia. Njia hii inafaa hadi milimita 5. Zaidi ya hapo inakuwa mieleka.

Jigso ibakie kwa mapindo na matundu makubwa. Tumia msumeno mpya uliotengenezwa kwa plastiki au chuma chepesi, wenye meno madogo lakini si madogo mno, ili pawe na angalau meno mawili au matatu ndani ya unene wa bamba. Punguza kasi ya mashine na uuzime ule mtikisiko wa mbele na nyuma kama inao. Bamba libanwe kati ya vipande viwili vya plaiwudi na ukate vyote pamoja. Sukuma kwa mwendo usiokatika, kwa sababu msumeno unaosimama mahali pamoja ndio unaochemsha. Angalia kinachodondoka chini: vumbi kavu ni habari njema, nyuzi laini zinazonata ni onyo. Ukiziona, simama, acha vipoe.

Tundu lako lilipasuka kwa sababu biti ya kawaida ya chuma ina makali yanayochimba. Kwenye chuma hilo ndilo tunalolitaka. Kwenye akriliki, biti inapokaribia kutokea upande wa pili hunasa ule utando mwembamba uliobaki, hujivuta yenyewe kama skrubu, na kuubomoa. Mafundi wa plastiki hunoa biti kinyume, yaani huyapa makali ubapa mdogo kwa jiwe la kunolea ili yakwangue badala ya kuchimba. Ukiona hilo ni gumu, tumia biti ya ngazi, ile yenye umbo la pia, inafanya kazi nzuri kwenye bamba jembamba. Weka ubao chini na ubane kwa nguvu, anza na tundu dogo, na unapokaribia kutoka uachie karibu uzito wote wa mkono. Tundu lisiwe karibu na ukingo kuliko kipenyo chake mara mbili.

Jambo ambalo hukuliuliza lakini litakukuta: tundu la skrubu lisibane skrubu. Akriliki hutanuka kwa joto karibu mara nane ya kioo. Bamba la mita 1 likipanda nyuzi 30 hurefuka milimita 2 hivi. Kasha lako ni dogo, mwendo wake ni mdogo pia, lakini skrubu iliyobana tundu hugeuka kabari. Toboa kubwa kuliko skrubu kwa milimita 1 au 2, weka washa ya mpira au ya nailoni, na kaza hadi ishike tu. Skrubu za kichwa cha koni ziache, zinapasua.

Kingo zilizovunjwa zinahitaji kazi ndogo. Shika mgongo wa kisu au kipande cha chuma chenye pembe kali, uukwangue ukingo kwa kuvuta mpaka alama za mfereji ziishe. Kisha msasa wa maji: namba 220, halafu 400, 600, hadi 1000 kama unataka ukingo uwe angavu, ukimalizia na dawa ya kung'arishia plastiki kwenye kitambaa laini. Maji yana kazi mbili, kubeba unga na kupooza. Mbinu hii ya mikono inachosha, nakubali, ila ukingo wake haubebi mkazo kama ule wa moto. Moto wa kichomeo si haramu, wapo mafundi wanaoutumia kila siku, lakini ukingo uliopitiwa na moto usiguswe na spiriti wala gundi ya kuyeyusha kabla haujapumzishwa.

Kupumzisha ni nini? Ni kulipasha bamba taratibu hadi chini kidogo ya joto la kulainika, kulikalisha hapo, kisha kulipooza polepole, ili minyororo iliyovutika ijipange upya bila umbo kubadilika. Kwa akriliki ya kumiminwa, nyuzi 80 hutumika. Kwa ya kusukumwa heri uwe chini kidogo, karibu 70. Muda kwa saa hupatikana kwa kugawa unene wa milimita kwa 4, lakini usipungue saa 2, hivyo milimita 3 zako zinataka saa 2. Na hapa tunarudi kwenye oveni ya jikoni. Kipimo chake mara nyingi hudanganya kwa nyuzi kumi au ishirini, na nyuzi hizo ndizo zinazotofautisha kupumzisha na kuharibu. Oveni ya gesi ina mwali wazi, na akriliki huwaka vizuri sana ikishika moto, huku ikidondosha matone yanayowaka. Tena sipendi plastiki ipashwe mahali panapoivia chakula. Kwa kasha lako, ukikwaruza, ukavunja na kukwangua kwa mkono, hutahitaji kupumzisha hata kidogo. Hiyo ndiyo njia ninayokuchagulia.

Kuhusu pembe, una hiari mbili. Kukunja kunapunguza maungio, na pembe ya kukunjwa hupendeza macho. Lakini kunahitaji joto la nyuzi 150 hivi kwenye mstari mwembamba tu, na chombo chake ni waya au kijiti cha umeme kilichonyooka, kilichowekwa chini ya bamba bila kuligusa. Bamba hugeuzwa geuzwa hadi lilegee lenyewe, hukunjwa kuelekea upande usiotazama joto, kisha hushikiliwa kwenye kigezo cha mbao mpaka lipoe kabisa. Ukilikunja kabla halijalegea, unapanda mkazo uleule. Ukizidisha, viputo vitatokea ndani na haviondoki. Bunduki ya hewa moto hupasha eneo pana bila usawa, kwa hiyo pembe hutoka na mawimbi. Nimeona watu wakifaulu nayo kwenye kazi ndogo, lakini kwa kasha la pande tano linalotakiwa kukaa sawasawa juu ya meza, milimita moja iliyopotea kwenye mkunjo itaonekana kila siku. Mimi kwa saa ya bibi yako ningegundisha vipande vitano vilivyonyooka.

Gundi inayofaa ni ile ya majimaji inayoyeyusha uso wa akriliki zenyewe mpaka ziungane. Kingo ziwe bapa, zimekwanguliwa, hazijang'arishwa kwa moto. Simamisha vipande kwa utepe wa karatasi, kisha pitisha gundi kwa sindano nyembamba kwenye pembe ya ndani. Itavutwa yenyewe kuingia kwenye upenyo. Usiguse kwa dakika kadhaa, na usibebeshe uzito mpaka kesho yake. Gundi ya papo kwa papo huacha ukungu mweupe na inaweza kuota nyufa. Silikoni haishiki akriliki kwa uhakika.

Tafadhali soma chupa ya gundi hiyo kabla ya kuifungua. Nyingi zina diklorometani, ambayo mvuke wake hulewesha na umewahi kuua watu waliofanya kazi kwenye vyumba vilivyofungwa. Marekani ilipiga marufuku matumizi yake yote ya nyumbani mwaka 2024. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke huo. Kama ndiyo pekee unayoipata, fanya kazi nje penye upepo, tumia matone machache, weka mbali na watoto na moto. Ukihisi kizunguzungu au kichefuchefu, acha kila kitu, toka kwenye hewa safi, na usipopata nafuu mara moja nenda hospitali. Kipande kikiruka jichoni usisugue wala usijaribu kukitoa mwenyewe. Hilo ni la daktari.

Vipande vyako vya sasa haviponi. Ufa wa namna hii haujazwi wala hausuguliwi ukaisha. Lakini nyufa huanzia ukingoni na mara nyingi haziendi mbali, kwa hiyo tazama zimeishia wapi, ongeza milimita chache, ukwaruze na uvunje hapo. Huenda ukapata vifuniko vya pembeni. Kusafisha kuanzia leo ni kwa maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo na kitambaa laini cha pamba. Kamwe usifute vumbi kavu, linachubua.

Ipo kazi ambayo nisingependa uifanye mezani kwako. Bamba lenye unene wa milimita 8 au 10 na kuendelea linataka msumeno wa meza wenye meno ya kabidi na mtu aliyeuzoea. Tangi la kubeba maji, kizuizi cha ngazi au kitu chochote kitakachoegemewa na mwili wa mtu lipelekwe kwa fundi wa plastiki anayejua kupiga hesabu ya unene. Ukiamua kumpelekea mtu wa mashine ya leza akukatie, ni sawa, kingo zitatoka ziking'aa kama kioo. Mwambie tu kwamba unakwenda kugundisha na umuulize kama anapumzisha, kwa sababu ukingo wa leza ni ukingo wa moto, na nyufa zako zinaweza kurudi.

Kabla hujagusa bamba zima, chukua vipande vitatu vya mabaki. Kimoja kivunje kwa kukwaruza, cha pili kikate kwa jigso, cha tatu kipitishie moto ukingoni. Vifute vyote kwa spiriti ileile, viandike namba, uviache mpaka asubuhi. Ukiona kile cha kwanza kimebaki safi, anza kupima saa ya bibi, na uongeze angalau milimita 20 kila upande ili kasha lisiguse mbao zake unapoliinua.